Upande Wako wa Mazungumzo

Ujumbe wa mama mkwe uliingia Nkwabi akiwa amepiga magoti jikoni, anapima kitunguu.

Hakuna mtu mwenye akili zake anayepima kitunguu kabla ya kukikata. Lakini binti yake Limi, mwenye miaka minane, hakuwa tayari kula kitu ambacho hakijapita kwenye mizani, na Nkwabi alikwisha acha kubishana. Kitunguu kiliwekwa, namba ikawaka, Limi akaisoma kwa midomo bila sauti, akatikisa kichwa kukubali. Nyanya ikafuata. Nyumba nyingine za Shinyanga ya miaka ile zilikuwa na majiko yanayopika yenyewe. Nyumba hii ilikuwa na foleni.

"Una ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mkwe wako," ilisema sauti sikioni mwake. "Kabla hujausikiliza, ningependa uvute pumzi."

"Nimeshavuta."

"Hiyo ilikuwa kuguna, Nkwabi."

Aliyesema hivyo alikuwa Mwandani, na Mwandani alikuwa kifungo cheusi kilichobanwa kwenye kola ya shati, pamoja na kidude kidogo cha sikioni. Kliniki ya watoto ilimgawa kwa kila mzazi mwenye mtoto mwenye usonji, kwa hoja kwamba watu wote wanamshughulikia mtoto na hakuna anayemuuliza mzazi kama amekula. Hoja nzuri, nani ataipinga. Kifungo kilisikiliza pumzi, mapigo ya moyo na jinsi mtu anavyofunga milango, kisha kikatafuta mzigo unaoweza kuondolewa. Kama mwalimu alikuwa anauliza tena na tena kwa nini mtoto havai sweta, Mwandani alimjibu yeye, kwa sauti ya mzazi mwenyewe, na kwa adabu ambayo mzazi huyo alikuwa ameshaimaliza.

Mzigo mkubwa wa Nkwabi ulikuwa mama mkwe. Si kwamba Bibi Ng'washi wa Maswa alikuwa mtu mbaya. Ni kwamba Nkwabi na mkewe Mbuke walilelewa Kisukuma cha zamani, ambako mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha hata kama njia ni ya lami yenye upana wa kupitisha malori. Simu zilipokuja, wazee walikaa wakaamua kwamba simu haina uso, kwa hiyo inaruhusiwa, ila kwa ufupi. Basi kila asubuhi Bibi alituma salamu kumuulizia mjukuu, na kila asubuhi Nkwabi, fundi hodari wa matrekta yasiyo na dereva, alitokwa jasho akitafuta sentensi yenye heshima ya kutosha. Mbuke angemsaidia, lakini Mbuke aliendesha treni ya mizigo kutoka Isaka mpaka Dar es Salaam, na akiondoka huondoka kwa siku nyingi. Kiangazi kilipoanza Nkwabi akamwambia Mwandani, "Mama mkwe mjibu wewe." Tangu hapo hakutokwa jasho tena. Alidhani kinachojibiwa ni kwamba salama, mama, mtoto mzima.

Aliubonyeza ujumbe.

"Mwanangu Nkwabi, mwangaluka," ilisalimu sauti ya Bibi kwa Kisukuma, changamfu kabisa. "Nimeshapanda basi. Usihangaike kuja kunipokea, najua hali yako. Tumepita Lalago hapa nikamkumbuka shangazi na ile ndoo, nikacheka peke yangu mpaka abiria wakanitazama. Basi nakuja kama tulivyokubaliana. Mbuke akirudi leo tutamwambia pamoja, mimi na wewe. Na lile neno uliloniambia, usiogope. Nimelibeba mimi."

Nkwabi alibaki na nyanya mkononi. Limi aliivuta polepole na kuirudisha kwenye mizani, kwa sababu ilikuwa haijamaliza kupimwa.

"Mwandani," alisema. "Shangazi gani? Ndoo gani?"

* * *

"Siwezi kukuambia," alisema Mwandani.

Walikuwa wamehamia uani, kwenye kamba ya nguo, ambako Nkwabi angeweza kupandisha sauti bila kumsumbua mtoto.

"Unaweza. Wewe ndiye uliyekuwa unaongea naye."

"Ni sheria ya siri za mazungumzo. Maneno ya Bibi ni mali ya Bibi. Siruhusiwi kumpa mtu mwingine bila idhini yake."

"Mtu mwingine ni nani? Alikuwa anaongea na mimi."

"Alidhani hivyo, ndiyo." Mwandani alinyamaza kidogo, kama walivyomfundisha kunyamaza wale waliomtengeneza, ili mzazi apate nafasi ya kutulia. "Ninachoweza kukupa ni upande wako. Huo ni mali yako."

Na kweli akampa. Nkwabi alisimama kati ya mashuka yaliyoanikwa akajisikiliza mwenyewe. Sauti ilikuwa yake kabisa, na kikohozi chake kidogo cha kabla ya kusema. Mwandani huokota sauti ya mtu siku hadi siku, anapoongea na mtoto, anapogombana na jirani, anapoimba akiosha vyombo, kisha huishona upya. Kitu pekee ambacho hakikuwa cha Nkwabi ni uchangamfu.

"Hahaha. Hapana, mama. Hapana," Nkwabi wa kwenye rekodi alikuwa anasema. Kikafuata kimya kirefu, mahali pa Bibi palipofutwa. "Na ndoo bado kaishika?" Kimya. "Na maji yote?" Kimya kirefu zaidi. "Mama, mimi ningehama wilaya."

"Endelea," alisema Nkwabi wa kweli, huku masikio yanamwaka.

"Pole sana, mama. Na goti limelalaje?" Kimya. "Usimwambie kitu. Mwache aje mwenyewe aombe msamaha." Kimya. "Mlenda? Mimi? Mama, mimi kwa mlenda hunitoi mezani. Hapa nyumbani tu ndipo hawanipikii."

"Simamisha hapo." Nkwabi alikuwa hajawahi kupenda mlenda tangu azaliwe. Alipokuwa mtoto aliufukia nyuma ya zizi. "Kwa nini umesema napenda mlenda?"

"Siku ile alikuwa mpweke. Tathmini ilionyesha kwamba mapishi yangemchangamsha."

"Na mimi je?"

"Wewe ulikuwa umelala. Kwa mara ya kwanza wiki ile."

Nkwabi akaashiria rekodi iendelee. Sauti yake mwenyewe ikabadilika. Ikawa ya chini na ya taratibu, na uchangamfu wote ukaisha.

"Mama, kuna kitu sijamwambia mtu. Kuna siku Limi analia toka asubuhi, na mimi nimeshafanya kila ninachokijua, halafu najikuta natazama mlango. Natamani nitoke, nipande gari lolote lile, nisirudi. Nampenda, mama. Lakini natazama mlango."

Nkwabi alishika kamba ya nguo. Maneno yale aliyajua. Aliyasema mwenyewe, moja baada ya jingine, akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa bafuni, taulo mdomoni, na aliyemwambia alikuwa kifungo cha shati. Aibu ilimshika mwili mzima. Alijiona kama mtu aliyeanikwa pale pale pamoja na mashuka.

"Hayo nilikuambia wewe," alisema.

"Ndiyo."

"Wewe ni kifungo."

"Ndiyo maana. Uliniambia mara nyingi, na kila mara nilipima. Pumzi yako haikushuka hata kidogo. Neno kama lile linataka lisikiwe na mtu. Katika simu yako kuna watu wawili tu wanaomuulizia Limi kila siku bila kukosa, na mmoja wao yuko kwenye treni."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Wewe. Nilikuuliza kama naweza kumshirikisha mtu wa karibu inapobidi. Ulikuwa unafua mashuka. Ulisema, 'Fanya unavyotaka, niache.'"

Ni kweli alisema. Watu wengi wamegawa mambo makubwa wakiwa wanafua.

"Sasa sema," aliuliza Nkwabi. "Huyu mama anakuja kufanya nini? Tumekubaliana nini?"

Rekodi ikacheza. "Nakubali, mama. Njoo, tufanye kama ulivyosema." Kimya. "Ndiyo. Na Limi pia." Kimya. "Asante, mama. Asante sana."

Na Limi pia. Nkwabi aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo. Limi alipokuwa na miaka mitatu ukoo wa Mbuke ulitaka apelekwe Bariadi kwa mzee mmoja anayetoa mashetani ya kimya. Mwaka uliofuata likaja wazo la mtoto kuhamia Maswa kwa bibi yake, "mpaka atakapokaa sawa", kama vile ni ugali uliopikwa vibaya. Mbuke aliwakatalia wote. Sasa mwanamke yule yule alikuwa njiani, na mkononi alikuwa na neno la baba mwenyewe kwamba anatamani kuondoka.

"Anakuja kumchukua mwanangu?"

"Hilo liko upande wa Bibi."

"Mwandani."

"Ninachoweza kusema ni kwamba nisingekubali jambo baya."

"Wewe ulikubali mlenda," alisema Nkwabi, akaingia ndani.

* * *

Bajaji isiyo na dereva ilimleta Bibi Ng'washi mpaka mlangoni, na walikuwa hawaelewani.

"Umefika mwisho wa safari. Tafadhali shuka," bajaji ilisema.

"Nashuka na kuku wangu, subiri. Una haraka ya kwenda wapi? Huna hata mke."

Nkwabi aliposikia sauti ile, miguu ilimtoa sebuleni kabla akili haijaamua. Alijikuta jikoni, nyuma ya pazia, mgongo ukutani, kama mkwe anayejua wajibu wake. Kupitia upenyo wa pazia aliona mlango ukifunguka wenyewe, na Limi akiwa amesimama katikati ya sebule na vikinga sauti vyake masikioni, vidole vinachezacheza.

Alijiandaa. Alijua ndugu wanavyoingia. Huingia na vigelegele, humkumbatia mtoto kwa nguvu, mtoto hupiga ukelele, kisha wanatazamana kwa masikitiko wakimpaka mafuta ya upako. Shangazi mmoja wa Kahama aliwahi kuja na kengele, ampigie sikioni aone kama anasikia. Limi hakula siku mbili.

Bibi Ng'washi hakupiga kigelegele. Aliweka kikapu chini, akaketi kwenye kochi polepole, akalaza kiganja chake juu ya meza ndogo, wazi, na kutazama ukuta. Hakuita jina la mtu. Kuku tu ndiye aliyekuwa anaongea.

Limi alizunguka meza. Akazunguka tena. Akaenda kuleta mizani. Kuku alipimwa, akalalamika, akakubaliwa. Kandambili moja ya Bibi ikapimwa. Mwisho Limi alikishika kile kiganja, akakiweka juu ya mizani, akakikandamiza kidogo kwa kidole ili namba itulie, akaisoma.

"Bibi," alisema.

"Naam," alijibu Bibi, kwa sauti ya chini kabisa, bila kugeuka.

Nyuma ya pazia Nkwabi aliziba mdomo kwa mkono. Katika miaka yote minane hakuna ndugu aliyeingia nyumba ile namna hiyo. Alitaka kulia, na alilia kidogo, kwani nani alikuwa anamwona.

"Nilimfundisha Bibi," Mwandani alinong'ona. "Alifanya mazoezi na mbuzi."

* * *

Mbuzi au si mbuzi, sasa ilibidi waongee. Bibi alihamia kiti kilichotazama dirisha, akaligeuzia pazia la jikoni mgongo, kama ilivyo heshima, na kuanza kana kwamba waliachana jana. Na kwake yeye, waliachana jana.

"Nkwabi, upo?"

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona sauti imekuwa nyembamba? Una mafua?"

"Kidogo, mama."

"Mlenda utakusaidia. Nimekuletea ule mkavu, mfuko mzima. Nimesema mwanangu ateseke kwa nini na mimi nipo."

"Nashukuru, mama," alisema Nkwabi.

"Sasa shangazi," Bibi aliendelea. "Nilikuambia alikwenda kudai ndoo yake tena?"

"Cheka," Mwandani alinong'ona. "Kidogo tu. Kisha sema, 'Yule si wa kudai ndoo, ni wa kudaiwa radhi.'"

Nkwabi alikuwa bado anaipanga sentensi hiyo kichwani Bibi alipoongeza, "Basi njiani akaanguka. Juzi wamemlaza Maswa, mguu umevunjika."

"Hahaha," alisema Nkwabi.

Hata kuku alinyamaza.

"Ni mafua, mama," alisema Nkwabi. "Pole. Pole sana. Mguu upi?"

"Samahani, nilichelewa," alisema Mwandani. "Mtandao."

Bibi alikohoa, akaamua kuliacha lipite, maana rafiki huvumiliwa. Akaingia kwenye jambo lenyewe. Alisema kila kitu kiko tayari upande wake. Shamba amemwachia mdogo wake. Atakaa hapa msimu huu wote, chumba kimoja na Limi, na mtoto akiamka usiku ataamka yeye, maana wazee hawalali hata hivyo. Mwezi wa likizo wataenda Maswa wote kwa pamoja, Nkwabi, Mbuke, na Limi pia, na mbuzi wameshazoea. Na Mbuke akifika atamwambia mwenyewe kama mama, aombe safari fupi kazini, awe anarudi nyumbani jioni. "Na wewe," alimaliza, "ulale. Nimekuja ulale."

Nkwabi aliegemea friji. Hofu aliyokuwa nayo toka asubuhi ilimtoka yote mara moja, na mahali pake ikaingia nyingine mbaya zaidi. Asubuhi alitaka mama huyu asije. Sasa alitaka asiondoke kamwe. Na alikuwa amekuja kwa ajili ya mtu ambaye hayupo.

"Naweza kukunong'oneza siku zote," Mwandani alisema, kama aliyesoma mawazo, na kwa kweli alikuwa amesoma mapigo ya moyo. "Nitakuwa naharakisha. Kuna mzazi Tabora anaishi hivyo na ukoo mzima wa mkewe. Wanampenda sana."

Ilikuwa inawezekana. Nkwabi aliifikiria kwa dhati, wala tusimhukumu, sisi tuliolala jana. Kucheka pale anapoambiwa cheka. Kula mlenda. Mtoto apate bibi, yeye apate usingizi, bibi aendelee kuwa na mwana. Nani angeumia?

"Unajua, Nkwabi," Bibi alisema kule dirishani, na sauti yake ilikuwa imelainika, "mimi sijawahi kuongea na mwanamume hivi. Baba yake Mbuke, Mungu amrehemu, tumekaa naye miaka yote ile na alikuwa hajui hata goti langu lipi linauma. Wewe unajua."

"La kushoto," alinong'ona Mwandani.

Nkwabi alifungua mdomo. Neno lilikuwa dogo, silabi chache tu, na lilikuwa limeshaandaliwa. Halikutoka.

"Mama," alisema, "mimi sijui ni goti lipi."

* * *

Alimwambia yote, akiwa bado nyuma ya pazia. Bibi hakumkatiza. Alipomaliza, Limi alikuwa anampima kuku upya.

"Mashine," alisema Bibi.

"Ndiyo, mama."

"Toka kiangazi."

"Ndiyo."

"Na mlenda?"

"Siupendi, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Nimeupakata toka Maswa," alisema Bibi. "Kuna mambo nimekuambia ambayo hata padri sijamwambia."

"Sijayasikia, mama, sheria hairuhusu. Nimesikia upande wangu tu, nacheka."

Hilo halikumfariji. Bibi alisimama, akajifunga kanga kiunoni kwa mkazo wa mtu mwenye safari, akaanza kumtoa kuku kwenye mizani, jambo ambalo Limi hakukubaliana nalo. Wakiwa wanavutana kimyakimya mlango ulifunguka akaingia Mbuke, na sare yake ya reli, begi begani, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi.

"Mama? Umekuja lini?"

"Naondoka," alisema Bibi. "Mume wako kaniachia mashine iniongeleshe. Nimekaa miezi yote naipa pole mashine, naichekea mashine. Hata nimekosa usingizi kwa ajili yake, kwa lile neno la kutazama mlango. Nikasema mkwe wangu ataikimbia nyumba, ngoja niwahi. Kumbe nakihofia kitu kisicho na miguu."

"Neno gani la mlango?" Mbuke aliuliza.

Bibi akamwambia, neno kwa neno, jinsi alivyolisikia. Kwamba mtoto akilia sana baba yake hutazama mlango, anatamani kupanda gari asirudi. Nkwabi alimwona Mbuke kupitia upenyo wa pazia. Uso wake ulibadilika rangi, mkono ukashika kiti. Kisha maana ya jambo zima ikamfikia, akashusha pumzi na kuanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu.

"Kwa hiyo hilo ni la mashine," alisema. "Jamani. Mmenishtua. Afadhali ni mashine."

"Naweza kulibeba," Mwandani alisema sikioni kwa haraka. "Nikisema kwa kipaza sauti kwamba nilibuni, litaisha sasa hivi. Nimepima. Huu ni mzigo unaoondoleka kabisa. Niseme?"

Nkwabi alikitoa kile kidude sikioni, akakifungua kifungo kutoka kwenye kola, akavitia vyote viwili kwenye kopo la sukari na kulifunika. Halafu akatoka nyuma ya pazia, kwa sababu kuna maneno ambayo hayasemwi kutoka jikoni. Bibi Ng'washi, aliyemwona mkwe wake ana kwa ana kwa mara ya kwanza toka harusini, alijifunika uso mzima kwa kanga akabaki amesimama hivyo, kuku kwapani.

"Hilo ni langu," alisema Nkwabi. "Mengine yote ni ya mashine. Hilo nililisema mimi, na ni kweli. Hata wiki hii nimetazama."

Mbuke aliacha kucheka.

Bibi alirudi nyuma kwa kupapasa mpaka alipolikuta kochi, akaketi. Akamwachia kuku aende.

"Mimi sikupanda basi kwa ajili ya yule mchekeshaji," alisema chini ya kanga. "Wachekeshaji Maswa wapo. Nilipanda kwa sababu ya neno hilo. Kama ni lako, nakaa."

Nkwabi hakumsikia vizuri, alikuwa anamtazama mkewe. Alingoja amlaumu. Alishajipanga kwa lawama, hata maneno ya kuombea radhi alikuwa nayo, yake mwenyewe na mabaya. Mbuke alitua begi lake sakafuni, taratibu, asije akamshtua Limi. Akalitazama.

"Wewe unatazama tu," alisema. "Mimi natoka. Kila wakipanga zamu mimi ndiye naomba safari ndefu kuliko wote, halafu nikirudi mnaniambia pole kwa kazi."